Mwenye Paka Aje Mwenyewe

Kware, Jumapili baada ya kanisa

Kwako Nzilani, mwanangu,

Pokea salamu zangu, mama, na uzipokee ukiwa umeketi. Sisi huku Mungu ametushika. Tunakula, tunalala, tunaamka. Babako hajambo, bado yuko na ile lori ya simiti, na akija nyumbani anakuulizia kabla hajavua viatu. Je, kifua kimeacha kukusumbua? Ile sweta nzito unaivaa, ama umeshamwazima mtu? Najua huko asubuhi kuna baridi na wewe ni mtu wa kugawa vitu. Na chakula ule. Maharagwe yakiwa na wadudu, toa wadudu, ule maharagwe.

Mwalimu, kama ni wewe unayefungua barua za watoto kwanza, nakusalimu pia. Naomba umpe Nzilani hii barua siku ambayo hana mtihani, na asiisomee kwenye laini ya chakula. Hakuna neno baya nimeandika. Ni habari za nyumbani tu, lakini kuna mahali zinauma.

Sasa Nzilani, ni wewe naongea na wewe. Najua macho yako yameshakimbia chini kutafuta jina la Karani. Ndiyo, paka wako ndiye sababu ya barua hii. Nakuomba usiruke mistari, maana mambo yenyewe yamefuatana, na ukianzia katikati utanielewa vibaya. Twende polepole.

Uliporudi shule, Karani alikuwa ameshakuwa dume kamili. Akaanza kulia kama mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni, na kukojolea viatu, na kukojolea mlango. Na wewe unajua masharti ya hii nyumba. Mkataba unasema hakuna mnyama, na Perez, yule mama keateka anayeangalia hili jengo, si mtu wa kupitwa na kitu, hata nguo ikianikwa mahali si pake anajua ni ya nani. Tulikuwa tumemficha Karani tangu akiwa mdogo, korido nzima. Nurto wa mlango wa pili alikuwa anamletea vipande vya nyama, na Mzee Luseno wa kule mwisho alikuwa anasema tangu Karani aje hajapata panya ndani ya ndara zake tena. Lakini mwili unaweza kufichwa, sauti haifichiki. Perez akaanza kusimama kwenye ngazi akinusanusa kama mtu aliyesahau gesi. Akaniuliza ni mtoto wa nani mgonjwa hapa juu. Nikamwambia ni simu yangu, siku hizi ndivyo inavyolia.

Basi ikapita pikapu yenye spika ikitangaza kwamba kliniki ya wanyama ya Makucha Mema, ile mpya ya huko barabarani, wiki hiyo inahasi paka bure. Nilikumbuka ulivyoniambia. Ulisema nisimpeleke mpaka ufunge shule, twende wote, umshike mwenyewe. Nilikubali, na nilikuwa na nia ya kungoja. Lakini Perez alipanda ngazi tena siku ile, akabisha mlango wa Nurto, akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nurto akamwambia ni viungo vya kwao. Perez akateremka akitikisa kichwa. Nikajua tukingoja, tutangojea nje na vyombo vyetu.

Nikamtia kwenye katoni ya maziwa niliyoitoboa matundu, nikafunika na leso, nikapita njia ya nyuma. Kliniki ni safi, Nzilani. Vigae vyeupe, viti vya kungojea, picha za mbwa wanaocheka. Nikasema hapa ni mahali pazuri. Halafu msichana wa mapokezi akainua kichwa, na mimi nikamjua. Ni Khavere, anaimba kwaya moja na Perez, wanaketi benchi moja, wanarudi nyumbani wameshikana mikono. Yeye hakunijua. Akaniuliza jina la mwenye paka na mahali anapoishi.

Hapo ndipo nilipojifungia mlango mwenyewe. Nikasema paka si wangu. Nikasema mimi ni msichana wa kazi, nimetumwa na bosi wangu wa Donholm. Neno lilitoka rahisi kwa sababu hiyo kazi niliwahi kuifanya kabla hujazaliwa, na ile sauti yake bado ninayo. Akauliza jina la bosi, nikasema Mutisya. Khavere akacheka, akasema kumbe hata wenye mageti wanakimbilia vya bure. Tangu hapo nikawa anti, vile wanavyoitwa wasichana wa kazi. Anti weka hapa, anti sogea kidogo.

Daktari mwenyewe anaitwa Wathome, kijana mrefu mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimtoa Karani kwenye katoni, na Karani akageuza shingo akanitazama. Sikumwita jina. Sikumpapasa. Msichana wa kazi hamlilii paka wa bosi, ndivyo nilivyofikiri, kwa hivyo nilisimama wima nikampeana kama mtu anayepeana unga dukani. Hiyo naiandika ili ujue, hata kama hukuuliza.

Waliniambia nirudi jioni. Jioni wakaniambia kesho. Kesho yake Khavere akaniletea katoni imeshabandikwa selotepu, akasema nisifungue njiani, bado ana kizunguzungu. Nikaja nikafungulia nyumbani. Akatoka paka mweupe mwenye mabaka meusi, na jeusi lingine puani, sawasawa na Karani. Lakini mkia ulikuwa umenyooka kama antena. Na wewe unajua ule mkia wa Karani ulivyopinda pale mwisho, tangu ubanwe na mlango wa Mzee Luseno. Huyu akakimbilia chini ya kitanda akakaa. Nikatandika vitabu vyako vya zamani sakafuni, kwa sababu Karani hawezi kuona kitabu asikikalie kama mtu anayelipwa mshahara. Huyu akavitazama tu kutoka gizani.

Nikampigia babako. Akaniambia paka ni paka, nimwite jina lile lile, mtoto akirudi atajua amenenepa. Usimkasirikie. Huyo ni mtu aliyewahi kwenda kazini na kiatu kimoja cha jirani na hakujua mpaka jirani akamfuata steji ya matatu.

Nikapiga simu kliniki. Khavere akaniambia, anti, dawa ya usingizi inalegeza misuli, hata mkia unaweza kunyooka. Nzilani, nilikubali. Siku nzima nilikubali, kwa vile ilikuwa sauti ya mtu aliyesoma. Mpaka Nurto alipokuja na nyama yake, yule paka akatoka kula, Nurto akainua mkia akaangalia. Akaketi kitandani mwangu akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, Mama Nzilani, hawa watu wamehasi, wamehasi, wakapitiliza, mpaka wakamfanya msichana.

Nikacheka na mimi. Halafu nikaona Nurto ameacha kucheka ananitazama, na mimi nikaacha.

Nikamrudisha kwenye katoni nikaenda naye kliniki. Palikuwa na watu wamekaa na mbwa wao. Daktari akatoka, na hata ndani ya katoni hakuangalia. Akasema paka aliyeletwa ndiye aliyerudishwa. Nikamwambia wetu alikuwa dume. Akanishusha kwa ile sauti yake ya taratibu, lakini ya kusikika na wote, akaniuliza, anti, mbona unamjua paka wa watu kiasi hicho? Akasema wako wasichana wa kazi wanaouza paka mzuri njiani, wanaokota wa mtaani, halafu wanakuja kulilia kliniki. Akasema pia kwamba huduma ilikuwa ya bure, na kama kuna malalamiko, mwenye paka aje mwenyewe. Yeye na msichana wa kazi hawana la kuongea. Kulikuwa na mama mmoja amepakata kambwa kamevaa sweta. Akavuta mkoba wake akauhamishia upande wa pili.

Nilitoka pale na ile katoni, na sijui nilifikaje nyumbani.

Ona nilivyobanwa. Nikisema mimi ndiye mwenye paka, Khavere atamwambia Perez kabla ya ibada ijayo, na tutaambiwa tufungashe. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa paka. Na Karani yuko wapi? Kila nilipogeuka nilijikuta mimi mwenyewe nimesimama mlangoni. Nilikuwa kama mtu aliyejifungia ndani akameza ufunguo. Hata kulalamika kwa sauti sikuweza, maana kuta za hapa unazijua, mtu akipiga chafya wa ghorofa ya juu anamwombea baraka. Nilijiambia labda walichanganya, labda Karani amepelekwa kwa watu wengine, yuko mahali anakula vizuri. Siku moja nikafua haraka, nikatembea mpaka Donholm, nikawa napita nyumba za watu nikitazama madirishani. Mlinzi mmoja akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta nyumba ya bosi niliyemtunga mwenyewe.

Nurto ndiye aliyesema basi tuazime mwenye paka. Mzee Luseno alikuwa karani wa kanjo, baraza la jiji, miaka yake yote ya kazi, ana koti, ana tai, na akiongea ni kama redio inasoma taarifa. Tukamweleza. Alifurahi mpaka nikaogopa. Akapaka viatu rangi, akanyoa, akaniuliza huyu Mutisya ni bwana wa namna gani, mkali au mtulivu. Nikamwambia awe tu mtu mwenye paka. Njiani akaniambia nitembee nyuma yake nikibeba katoni, ili ionekane sawa. Nikatembea nyuma yake.

Tulipoingia, Daktari Wathome alisimama. Kwangu hakuwahi kusimama. Akasema karibu mzee, karibu sana, akamwingiza ofisini. Mimi nikaambiwa, anti subiri hapo. Mlango ukarudishwa lakini haukufunga.

Nzilani, hapa ndipo nilipokuambia uwe umeketi.

Nilimsikia daktari akimwambia Mzee Luseno kwamba paka alikufa siku ile ile, akiwa bado hajaguswa na kisu. Alipigwa ile dawa ya usingizi, moyo ukasimama. Alisema alimkanda kifua kwa vidole muda mrefu, akampulizia hewa, hakurudi. Akasema aliogopa. Kliniki ni mpya, ilikuwa wiki ya matangazo, na yeye alijua mtu wa Donholm mwenye mfanyakazi mpaka wa kupeleka paka ni mtu mwenye wakili. Basi wakatafuta mwenye rangi ile nyuma ya vibanda vya nyama, wakamtia kwenye katoni. Akaomba msamaha pia kwa kumsemesha msichana wake kwa ukali. Alisema ilibidi, kwa sababu hawa huwa hawanyamazi.

Na Mzee Luseno, na koti lake lote, hakujua bosi anafanya nini akipewa habari kama hiyo. Nilimsikia akikohoa. Akasema, daktari, hayo ni mambo ya Mungu, mimi nimekusamehe. Nikasikia wakishikana mikono.

Mama, miguu ilinipeleka ndani kabla sijaiambia. Nikamwambia daktari huyu hawezi kukusamehe, paka si wake. Paka ni wangu. Ni wa binti yangu Nzilani aliye kidato cha pili, aliyemlea kwa kumdondoshea maziwa na kile kichupa cha dawa ya macho. Anaitwa Karani. Nikamwambia sina bosi, sijawahi kukaa Donholm, mimi ni Kathini, nakaa Kware, ghorofa ya tano, nyumba inayoangaliwa na Perez. Nilipiga kelele. Watu wa mbwa wakasimama. Khavere akaacha kiti chake akaja mlangoni, na mimi nikamwona, Nzilani, nilimwona vizuri kabisa, na sikunyamaza. Halafu nikalia. Kile kilio nilichokimeza siku ile ya kwanza kilitoka chote hapo, mbele ya zile picha.

Daktari alivua miwani. Aliketi. Akaacha kuniita anti, akaniita mama. Akasema, mama, ningejua ni wewe, ningekuambia ukweli siku ile ile. Nimeyafikiria sana maneno hayo, na naona hakuwa anadanganya. Mtu kama mimi, daktari asingemwogopa. Kwa hivyo angeniambia. Ningempata Karani akiwa bado na joto, ningemshika, ningemwita jina lake. Yule kijana alimwogopa bosi wangu, na bosi wangu hayupo. Nilimtia woga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, pale mapokezi.

Nikamuuliza amemweka wapi. Akasema paka alienda na taka za kliniki, kwenye lori. Kwa hivyo, mwanangu, hakuna mahali pa kukuonyesha. Nakuambia mapema usije ukanisubiri nikupeleke.

Karani amekufa, Nzilani. Nimezunguka sana kabla ya kuliandika hilo neno peke yake. Nilimpeleka bila wewe nikiwa nimekuahidi kungoja, na nilimkana mbele ya macho yake. Dawa ndiyo iliyomuua, hiyo ni ya daktari. Hayo mengine ni yangu.

Habari haijaisha, vumilia kidogo.

Khavere hakungoja hata ibada. Jioni yake Perez alikuwa mlangoni, ametoka mazoezini, na kitambaa cha kwaya bado kichwani. Hakuingia. Yule paka wa nyuma ya vibanda, ambaye kila siku alikuwa chini ya kitanda, siku hiyo akaona ndiyo ya kutoka, akaja akaketi juu ya miguu yangu. Perez akamtazama, akanitazama. Akaniuliza, huyu ni wako?

Ningeweza kusema si wangu, na ingekuwa kweli mbele za Mungu. Sijui alikozaliwa, sikumwomba, ameletwa kwangu kwa uongo. Perez angemshika ngozi ya shingo akateremka naye, na sisi tungebaki na nyumba yetu. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Lakini nilihisi ule uzito wake mdogo kwenye vidole vya miguu, na nikaona sina nguvu ya kusema hilo neno mara ya pili. Nikamwambia ni wangu.

Perez hakugombana. Alisema tu, Mama Nzilani, ungeniambia siku nyingi. Halafu akasema yeye pia ana mwenye nyumba juu yake, na tutoke mwisho wa mwezi.

Babako alipiga kelele, akasema yeye ndiye mwanamume wa kwanza Nairobi nzima kufukuzwa kwa sababu ya paka ambaye hata si wake. Baadaye akatoka nje kupiga simu. Binamu yake Ndete wa Ziwani ana chumba kimoja nyuma, kidogo, na choo ni cha kushirikiana, lakini ametukubali sisi wote na paka. Kwa hivyo ukifunga shule usishuke Kware, nitakueleza njia. Vitabu vyako nimevifunga kwa leso ya bluu, hakuna hata kimoja kimepotea.

Nurto anakusalimu, anasema asiposikia mlango wetu ukifunguliwa asubuhi hatajua siku imeanza. Mzee Luseno anakusalimu pia, ingawa akikutana na mimi kwenye ngazi anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Amenituma nimwombee msamaha kwako, kwamba alisamehe kisichokuwa chake. Umjibu ukipenda. Paka huyu hajambo. Hana jina, na sikuandikii ili umpe, usifikiri nataka asimame mahali pa mwingine. Nakuambia tu yuko.

Siku ya kutembelea wazazi nitakuja. Nitapika chapati asubuhi nije nazo zikiwa na joto. Nitasimama pale getini upande wa mti wa mauamaua, ili unione kutoka bwenini kabla hujaamua. Ukiona huwezi kutoka, nitaelewa, na chapati nitamwachia matroni. Lakini ukiwa na hasira, toka nayo hivyo hivyo, mama, uje unisemeshe vile unavyotaka, mimi nitasimama nikusikilize mpaka umalize. Toka tu.

Mungu akufunike huko uliko. Vaa sweta.

Ni mimi mama yako mzazi,
Kathini